Kioo Kilichosukwa na Maziwa

Jagi la maua la mke wa mhandisi lilipovunjika, kishindo chake kilisikika mpaka Mwanza. Wavuvi waliacha nyavu, mbuzi wakaharibu mimba, na treni ya asubuhi ikachelewa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisimulia kwa miaka mingi, na sioni sababu ya kuanza kwa namna nyingine.

Nilikuwa kibarua kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, miaka ile ya hamsini mwanzoni, kabla sijaota mvi hata moja. Kazi yangu ilikuwa kwenye kinu cha kusagia mawe. Usifikirie kinu cha mama cha kutwangia mpunga. Hili lilikuwa pipa la chuma lililolala ubavu, kubwa kama nyumba ya chifu, na ndani yake mna gololi za chuma kila moja kama chungwa. Lilizunguka mchana kutwa likinguruma, mawe na gololi vikipondana humo mpaka jiwe likawa uji. Nilikaa karibu nalo miaka mitatu, na masikio ndiyo yaliyolipa. Mpaka leo watu wakininong'oneza huwa nawaambia "hapana asante," kwa tahadhari tu.

Jioni nilikwenda shule ya watu wazima pale kambini. Nilihitimu wa kwanza katika darasa la wanafunzi wanne, na sitaki kuulizwa kama mmoja wao alihamia Kahama kabla ya mtihani. Kusoma nilikuwa hodari, kuandika hodari zaidi. Hesabu ndiyo iliyonipiga chenga, na mbele utaona ilivyonigharimu.

Rafiki yangu mkubwa pale kambini alikuwa mpishi wa mhandisi, mtu wa Tanga, mswalihina, mwenye kanzu nyeupe kuliko mawingu ya Januari. Siku jagi lilipoanguka, alinijia ameshika vipande ndani ya gazeti, mkono ameunyoosha mbali kama aliyebeba nyoka.

"Msukuma wangu," akasema, "chukua hiki kitu unitoe balaa. Bibi kasema kitupwe, na mimi jalalani sikitupi."

"Kwani kina nini?"

"Jikoni kilikuwa cha buluu. Wallahi buluu, kama ule unga wa kufulia mashati. Nimetoka nacho nje, hebu kitazame!"

Nikatazama. Mkononi mwake, juani, vipande vile vilikuwa na rangi ya ua la viazi vitamu, ile zambarau iliyopauka. Tukarudi jikoni, ambako mhandisi alikuwa amefunga taa ya tyubu, ndefu kama fimbo ya mchungaji. Buluu! Tukatoka. Ua la viazi. Tukaingia. Buluu. Tuliingia na kutoka mara mia sita, mpaka wali wa mhandisi ukaungua.

"Jini hilo," mpishi akasema akigeuza sufuria.

"Si jini, kaka. Ni kioo tu kilichotiwa kitu."

"Na kilichotiwa ni jini."

Nilivichukua vyote. Vilikuwa na makali ya kukata kidole kabla hujavigusa. Lakini kule kinuni nilikuwa nimeona jambo moja: mara nyingine kokoto lilitoka pipani halijasagika, nalo lilikuwa mviringo na laini kama yai la njiwa. Nikawaza, kama pipa linaweza kulipiga msasa jiwe lisilo na shukrani, litashindwaje na kioo?

Pipa la mgodi halikuwa la kuchezea, basi nikatengeneza langu. Nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikatia vioo, mchanga na maji, nikaliziba kwa lami na kulifunga kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli niliyoigeuza miguu juu. Nikazungusha pedeli kwa nguvu zangu zote, na siku hizo nguvu zangu zilitosha kuendesha reli. Nilipofungua baada ya siku nne, vioo vilikuwa vile vile. Gurudumu lilikwenda mbio mno. Vilijibana ukutani mwa kopo kama abiria waliogoma kushuka. Siri ya kazi hii, nilikuja kuijua, ni uvivu. Chombo kigeuke polepole, vitu vilivyomo vikwee kidogo kisha viporomoke, vikwee tena, viporomoke tena. Haraka haisugui kitu.

Mkataba wangu ulipokwisha nikarudi nyumbani. Kwetu ni upande wa Mhunze, nchi tambarare ambayo mtu akipiga chafya unamwona kabla hujamsikia. Nilirudi na blanketi, cheti cha shule na vile vioo. Mwezi huo huo, kwenye foleni ya kuuza pamba, nikamwona msichana.

Sitaueleza uzuri wake, wino hautatosha. Alikuwa amekalia furushi lake la pamba akinisikiliza ninavyowasimulia watu habari za Geita. Nilipofika mahali ambapo nilimwokoa mhandisi kutoka kwenye mdomo wa mamba, akasema bila kuniangalia, "Wewe unaongea kama mvua kwenye mabati. Kelele nyingi, na hata pipa moja halijai."

Nilipendwa papo hapo. Au tuseme mimi ndiye niliyependa, yeye alichukua miezi. Nikamwahidi mkufu wa mawe yanayogeuza rangi. Akasema, "Nitaamini nikiona."

Kulikuwa na tatizo moja. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango kwenye mgodi wa almasi, na kazi yake ilikuwa kuwapekua watu wanaotoka: mifukoni, nyweleni, visiginoni mwa viatu, chini ya ulimi. Miaka hiyo ukikutwa na almasi nje ya uzio, hata punje, ulikwenda jela, na mlinzi ambaye nyumbani kwake imeonekana punje alikwenda mbele yako. Mzee yule hakuruhusu hata watoto wake wachezee kokoto. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyetaka anipe binti.

Basi nikaanza kazi ya mkufu, na mwalimu nikampata nyumbani. Mama yangu alikuwa akisuka maziwa. Kibuyu kikubwa kimening'inizwa kwa kamba, yeye ameketi, anakisukuma kinakwenda, kinarudi, kinakwenda, kinarudi, na ndani maziwa yanaporomoka polepole mpaka siagi ijitenge. Nikasimama nikiwa nimeduwaa. Miaka mitatu nimekaa na pipa kubwa kama nyumba ya chifu, kumbe mashine niliyoitafuta nimenyonya kando yake.

"Mayu," nikasema, kwa sababu kwa Kisukuma ndivyo mama anavyoitwa, "niazime kibuyu kimoja."

"Cha nini?"

"Nataka kusuka vioo."

Alinitazama kwa muda uliotosha kuivisha kunde. "Bebe, wewe! Geita wamekufanya nini?"

Lakini alinipa. Alinipa kibuyu chake cha pili kwa ukubwa, chenye shingo nene na tumbo lililopinda kidogo upande mmoja, kwa sharti kwamba nikimaliza kitarudi kwenye maziwa, maana vibuyu vyema havioti kwa maombi. Nikakaa chini ya upenu, mwanamume mzima mwenye cheti, nikasuka kibuyu. Majirani walipita wakiuliza siagi imefika wapi. Mmoja alinishauri nijaribu na kusuka mikeka.

Mwanzo nilitia mchanga mkali wa mtoni. Wiki tatu. Vioo vikatoka bila makali, lakini vimefifia, vina ukungu kama jicho la ng'ombe mzee. Kazi ya kioo inaudhi hivyo: sharti kwanza ukiharibu kabisa ndipo kikubali kupendeza. Kisha mchanga mwembamba. Huo niliupata kwa kukoroga udongo ndani ya beseni, kuacha ule mzito uzame na kumimina maji yenye vumbi kwenye beseni jingine, hapo tena, na tena, mpaka ukiusugua kwenye meno huusikii. Kisha pumba za mpunga na udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa. Kati ya hatua na hatua unaosha kila kitu mara saba, maana punje moja tu ya mchanga wa mwanzo ikibaki inakwangua kazi ya mwezi mzima.

Mama alianza kwa kucheka, akaishia kuwa fundi kuliko mimi. Alijua kwa sikio. Alipita na ndoo kichwani, akasema, "Bado, kinalalamika." Wiki nyingine akasimama, akainamisha shingo. "Sasa kinanong'ona. Usiache." Ndivyo alivyoijua siagi miaka yote, kwa mlio wa tumbo la kibuyu. Mimi nilihitaji kufungua na kutazama. Jioni nilipochoka alikivuta kwake, akakisukuma kwa mguu huku akichambua kunde, na nina hakika vioo vilivyopendeza zaidi ni vile vya zamu yake.

Baada ya miezi mitano nikatoa mawe yangu. Nikayahesabu: kumi. Nilikumbuka kama niliingiza kumi na moja, ila nikajiambia hilo jingine limesagika likaisha, na hesabu hata hivyo hatukuwahi kuelewana. Nikamrudishia mama kibuyu chake. Akakiosha, akakifukiza moshi wa mti kama ilivyo desturi, akatia maziwa.

Kama ningenyamaza hapo, ningeoa kwa amani. Lakini Jumamosi nilikwenda mnadani, penye ng'ombe wengi na masikio mengi, nikasema ninayo mawe ambayo Malkia wa Uingereza hana. Nikasema yanabadilika rangi kwa amri yangu. Nikasema, na hapa ndipo nilipojichimbia, kwamba kwa jiwe moja tu naweza kununua Shinyanga yote na stesheni yake, nikarudishiwa chenji.

Siku tatu baadaye mzee wa lango akaja nyumbani. Hakutuma mtu. Alikuja peke yake kwa baiskeli, amevaa kaptula yake ya kazini iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nilikuwa napita tu."

Kwetu hakuna mtu anayepita tu. Hakuna pa kupitia kwenda. Mama akamwekea kigoda, wakaamkiana kwa kirefu, wakaulizana mvua, ng'ombe na mgongo. Macho yake yalikuwa yakipekua. Yalipekua paa, mitungi, yalipekua hata kuku. Mama, kwa heshima ya mgeni wa namna ile, akashusha kibuyu na kummiminia mtindi kwenye kikombe cha bati. Ukatoka mzito, mweupe, kisha kitu kikafanya *ting'*.

Mzee akakitazama kikombe. Akanywa kidogo. Akaacha kunywa. Akaingiza vidole viwili mdomoni, taratibu, kwa uzoefu wa miaka, kama alivyowafanyia wengine mia, akatoa jiwe.

Lile la kumi na moja. Lilikuwa limejibana kwenye upinde wa tumbo la kibuyu, nasi tukalisuka na maziwa wiki nzima. Na sijui maziwa yalilifanya nini. Mengine kumi yalikuwa mazuri. Hili lilikuwa kama tone la maji ambalo limeamua kutoanguka. Alilifuta kwa kidole gumba akaliinua juani, likawaka rangi ya ua la viazi mpaka kwenye ukosi wa shati lake.

Kisha akaliweka juu ya kigoda kama mtu aliyeshika kaa la moto, akasimama.

"Mama," akamwambia mama yangu, "umenitilia mali ndani ya maziwa. Mimi. Katika maziwa."

"Ni kioo, baba!" nikasema.

"Kila niliyemkamata alisema ni kioo."

"Kweli tupu! Tena ninayo mengine!" Nikakimbia ndani, nikarudi na kitambaa, nikayamwaga yote kumi mbele yake. Naapa nilidhani namsaidia.

"Kumi na moja," akasema.

"Tena si almasi, almasi haigeuki rangi! Haya ukiyaingiza kwenye taa ya tyubu yanakuwa buluu!"

"Taa ya tyubu ipo wapi huku, kama si ndani ya uzio wetu? Umeyaingiza lini?"

Nikaona mdomo wangu haufai, nikakimbilia nyundo. "Nitayavunja sasa hivi."

"Hata almasi huvunjika kwa nyundo. Utakuwa umeharibu ushahidi tu." Alikuwa tayari ameshika baiskeli. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Kijana, mwenyewe ulitangaza mnadani kwamba unaweza kununua Shinyanga. Binti yangu nilitaka kumpa mtu. Sasa, ama wewe ni mwizi, au siku moja mdomo wako utanipeleka jela bila wewe kuiba. Kwangu usije tena."

Nilimwona yule msichana juu ya furushi la pamba, nikamwona anahama, anakwenda kukaa juu ya furushi la watu wengine.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa hajainuka.

"Baba, ninyi huko kazini mmefundishwa almasi inakwaruzwa na nini?"

Mzee akasita. "Haikwaruzwi na kitu."

"Jiwe langu la kusagia mtama limekwaruza kila kitu katika nyumba hii, pamoja na mgongo wangu. Lile pale."

Wakanitazama wote wawili. Nikayaendea yale kumi. Nikachagua moja dogo lenye dosari pembeni.

"Si hilo. Lile nililolitoa mdomoni mwangu," mzee akasema.

Nililichukua kigodani. Bado lilikuwa na ubaridi wa maziwa. Miezi mitano, na wiki ile moja ambayo sitaweza kuirudia kwa sababu sikujua kama naifanya. Hili ndilo nililokuwa nimekwisha kuliona katikati ya mkufu, dakika ile ile nilipoliona kwa mara ya kwanza. Nikapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Nikaliburuza mara moja, likalia. Mara ya pili. Mara ya tatu niliiongeza ili nisije nikaulizwa. Nilipoligeuza, lilikuwa na mistari mitatu myeupe usoni, kama chale.

Mzee akalipeleka juani, akalikwangua kwa ukucha. Akavuta pumzi ndefu, na ndipo nilipojua kwamba muda wote ule alikuwa akiogopa kuliko mimi.

"Sasa niambie," akasema, "bila chumvi. Hiki ni nini?"

"Ni kioo, baba. Kipande cha jagi la maua. Lilivunjika jikoni kwa mhandisi kule Geita, mpishi akanipa kwa sababu lilikuwa linatupwa. Hakiwezi kununua kitu."

Kuku mmoja akapita.

"Kumbe unaweza," akasema.

Akarudi kukaa. Akamalizia mtindi wake, ingawa alikagua kikombe kwanza. Kisha akaanza kutikisa kichwa. "Lakini mama, niseme ukweli. Kijana amekaa miezi mitano anasuka chupa iliyovunjika kwenye kibuyu, kazi ya wanawake, majirani wakimcheka. Si mwizi, sawa. Je, ana akili?"

"Akili sijui," mama akajibu. "Lakini nitajie mwanamume mwingine kuanzia hapa mpaka Kolandoto anayeweza kukaa chini miezi mitano akasugua kitu kigumu bila kukipiga. Mtafute. Ukimpata, mpe binti yako."

Mzee akacheka mpaka kaptula ikapoteza mkunjo. Hapo siongezi kitu, mkunjo ulipotea kweli.

Tulioana baada ya mavuno. Alivaa mawe kumi yaliyotobolewa na fundi wa kutengeneza cherehani mjini, na lile la kumi na moja akalifunga kwenye pindo la khanga. Nilimwomba mara nyingi anipe nilisuke upya, ile mistari ingetoka kwa wiki sita tu. Hakukubali. "Ukiifuta," alisema, "utaanza tena kuniambia ni almasi."

Lakini alilitumia. Wageni walipojaa sebuleni nami nimefika mahali pa mamba na mhandisi, aliinuka kama anayekwenda kutazama chungu, akarudi, akaliweka jiwe kando ya kikombe changu cha chai. Wageni hawakujua maana yake. Nami nilipunguza mamba akawa kenge, mara nyingine akawa mjusi.

Mama amekwenda, na kibuyu kilipasuka mwaka ule ule, kama kilikuwa kikimngojea. Mzee wa lango amekwenda. Mke wangu amekwenda pia, mvua mbili zilizopita. Ninavyoandika, hakuna mtu wa kuinuka kutazama chungu, basi nimelitoa mwenyewe, nimeliweka hapa kando ya chai. Dirishani lina rangi ya ua la viazi. Nimepapasa ile mistari mitatu kwa kidole gumba.

Kwa hiyo habari ya jagi: halikusikika mpaka Mwanza. Lilisikika jikoni tu, na mpishi akasema, "Astaghafirullah," kwa sauti ndogo, kisha akachukua ufagio.